Kiangazi na Mbwa Asiyejua Kuchoka



Huku Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, mwezi wa Juni jua huchomoza saa kumi na moja alfajiri na kutua saa tatu na nusu usiku. Desemba hali ni nyingine kabisa: saa mbili asubuhi bado taa zinawaka, na saa kumi na robo alasiri jua limekwisha kuzama. Sisi tuliokulia karibu na ikweta, ambako magharibi ni magharibi mwaka mzima, huchukua muda kuuzoea mwendo huu wa jua. Ukishauzoea unaelewa kwa nini wenyeji hawakai ndani Juni, Julai na Agosti. Na kama nyumbani kwako yumo mbwa wa aina ya terrier, hata ukitaka kukaa ndani hutaruhusiwa.

Huyo ndiye ninayetaka tumzungumzie leo. Najua wapo kati yenu mlioko Ulaya na Amerika ambao watoto wamewabembeleza wee, mpaka mkakubali kumleta mbwa nyumbani, na aliyeletwa ni huyu mdogo mwenye kelele. Mnaniuliza: mbona hatulii? Jibu langu ni moja na ninaliamini kwa moyo wote. Terrier ni mfanyakazi. Raha ya kiangazi naye inatokana na kumpa kazi, na uhai wake unategemea wewe kumwachisha kazi hiyo, maana yeye mwenyewe hataacha.

Wangu ni jike, aina ya Jack Russell, jina lake Pilipili. Ni mweupe mwili mzima isipokuwa kichwa, ambacho ni cha kahawia, na doa moja ubavuni. Bega lake halifiki goti langu. Ana kilo sita tu, na mgeni akisikia sauti yake kabla ya kumwona hutarajia mnyama mkubwa mara tatu. Manyoya ni mafupi na makavu, magumu kidogo ukiyapapasa kinyume. Masikio yamekunjika kwa mbele. Macho meusi hayatulii mahali pamoja. Nikifungua mlango wa nyuma asubuhi hatoki mara moja. Anasimama kizingitini, mguu mmoja wa mbele ameuinua na kuukunja, pua inacheza kushoto na kulia. Anapokea habari za usiku: paka gani alipita, kalunguyeye aliingilia upande gani wa ua. Kisha anafyatuka, na hapo usimwite, maana hasikii.

Asili ya tabia hiyo haiko mbali na ninapokaa. Karibu na mji wa Barnstaple kuna kijiji kiitwacho Swimbridge. Hapo palikuwa na kasisi, John Russell, wengi wakimwita Jack, aliyezaliwa mwaka 1795 na kufariki mwaka 1883. Alikuwa mtu wa dini, na alikuwa mwindaji wa mbweha asiyechoka. Mwaka 1819, akiwa bado mwanafunzi Oxford, alikutana njiani na muuza maziwa aliyekuwa na mbwa jike mdogo. Akampenda papo hapo, akamnunua. Jike huyo aliitwa Trump: mweupe, mwenye mabaka ya hudhurungi juu ya macho na masikio, na doa dogo kwenye shina la mkia lisilozidi ukubwa wa sarafu ya peni. Kwake Trump ndiko kulikoanzia ukoo ambao leo unabeba jina la kasisi yule. Kaburi la kasisi liko Swimbridge, na baa ya kijijini inaitwa kwa jina lake.

Kasisi hakutaka mbwa wa kuua. Alitaka mbwa wa kuingia shimoni kumfuata mbweha, kusimama naye uso kwa uso gizani, kumbwekea bila kukoma mpaka atoke nje. Fikiria sifa zinazotakiwa hapo. Mbwa awe mwembamba wa kifua ili apite pale mbweha anapopita. Mpaka leo wafugaji humpima kwa mikono miwili nyuma ya miguu ya mbele, na vidole vya mtu mzima vinapaswa kukutana. Awe mweupe, asije akadhaniwa mbweha vichakani. Awe na sauti, ili walioko juu wajue yuko wapi chini ya ardhi. Awe jasiri wa kubaki mle peke yake, ambako hakuna bwana wa kumwamuru. Na awe na ukaidi wa kutokata tamaa. Sasa chukua sifa hizo zote, uziingize katika nyumba ya vyumba viwili yenye kapeti, halafu ulalamike kwamba mbwa anachimba, anabweka na hasikii anapoitwa. Anafanya alichozaliwa kufanya.

Uwindaji wenyewe wa mbweha kwa kundi la mbwa ulipigwa marufuku Uingereza na Wales kwa sheria ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005, na mimi sina majonzi nayo. Lakini sheria haikufuta kitu ndani ya damu ya mbwa. Ajira imekwisha, mfanyakazi amebaki.

Na kwa kuwa tunaongea redioni, niruhusu nipite kidogo kando. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki alimjua terrier kitambo, hata kama hakuwahi kumgusa. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi nyimbo zake kwa kampuni ya His Master's Voice. Santuri zile ziliuzwa pwani nzima, na katikati ya kila santuri palikuwa na picha ya mbwa mweupe mwenye masikio meusi, ameinamisha kichwa mbele ya gramafoni. Mbwa yule aliishi kweli. Aliitwa Nipper, alizaliwa Bristol mwaka 1884, damu yake ya terrier ingawa imechanganyika, na jina alilipata kwa kuwauma wageni miguuni kwa nyuma. Bwana wake alipofariki alichukuliwa na ndugu yake, mchoraji Francis Barraud. Nipper alikufa mwaka 1895; picha ilichorwa baada ya kifo chake, na mwaka 1899 kampuni ikainunua. Kwa hiyo babu zetu waliomsikiliza Siti barazani, jioni, kanga na kanzu zimepangana, walikuwa wakimtazama terrier akizunguka mbele yao. Mimi kila Pilipili anapoinamisha kichwa kusikiliza sauti asiyoielewa, ninaiona santuri ile.

Kufuga mbwa ndani, hata hivyo, si jambo jepesi kwetu. Shangazi yangu alipiga simu kutoka Tanga mwaka jana. Nikamwamkia, akaitikia, mara Pilipili akaanza fujo zake dirishani.

"Mwanangu, hiyo kelele ni ya nini?"

"Ni mbwa, shangazi. Amemwona ndege."

"Mbwa yumo ndani?"

"Yumo ndani, shangazi."

Akanyamaza kidogo. "Haya. Basi mtunze vizuri, na umzoeze asikaribie pa kusalia."

Alinena jambo la maana. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Anayefuga mbwa na kupokea wageni wa Kiswahili ayajue haya na ayaheshimu. Nyumbani kwangu kuna chumba kimoja ambacho Pilipili hakanyagi, miswala imo humo, na mgeni akija mbwa yuko uani. Hakuna aliyekwazika mpaka leo.

Turudi kwenye kazi. Mwanzo wa kiangazi cha kwanza Pilipili alichimbua tuta zima la stroberi. Sikumpiga, kwa sababu kumpiga terrier kwa kuchimba ni kumpiga mtu kwa kupumua. Nilitengeneza sanduku la mbao, upana wake hatua mbili, nikalijaza mchanga, nikafukia humo kipande cha kamba alichokipenda. Nikamwonyesha. Akanusa mara moja, akaanza. Mchanga unaruka kati ya miguu ya nyuma, pua imezama, mkia umesimama wima, na kila baada ya muda anasita kusikiliza, kana kwamba chini mle kuna mtu. Akaipata kamba, akaitikisa kwa nguvu mpaka masikio yakampiga usoni, kisha akaniletea miguuni ili niifukie tena. Tangu hapo sanduku lile ndilo ofisi yake. Stroberi tunakula sisi.

Kama una nafasi, mtafutie pia mbio. Kiangazi vijiji vya Uingereza huwa na maonyesho: ng'ombe waliooshwa wakang'aa, mashindano ya keki, matrekta ya zamani, na mara nyingi, mchana, mbio za terrier. Ukiwa na mtoto, mpeleke akaone. Kipande cha manyoya kimefungwa kwenye kamba ndefu, na mwisho wa uwanja kuna mtu anayezungusha gurudumu kuivuta kamba hiyo. Mbwa wamefungiwa kwenye sanduku lenye milango kwa mbele, na kelele inayotoka humo huwezi kuisimulia. Milango inafunguka. Mbwa sita wanatoka kwa pamoja, miili imenyooka, matumbo yanakaribia kugusa nyasi, na ndani ya sekunde chache tu wote wamepenya katika tundu kati ya marobota ya majani makavu upande wa pili. Wenye mbwa wanakimbilia huko kila mtu akamtenge wake kabla hawajaanza kugombana. Wachache sana hujua nani ameshinda. Watoto wanapiga makofi, wazee wanapiga makofi, na mwenye mbwa wa mwisho anashangilia sawa na wa kwanza. Mimi sijaona furaha safi kuliko ile.

Lakini mahali tunapopenda kuliko pote ni ufuo wa Instow, pale mito ya Taw na Torridge inapokutana kabla ya kuingia baharini. Fukwe nyingi za nchi hii huzuia mbwa kiangazi, mara nyingi kuanzia Mei hadi mwisho wa Septemba, kwa hiyo usome bango la halmashauri kabla hujashuka garini. Mtu wa Tanga au Lamu hahitaji kufundishwa kupwa na kujaa kwa maji, ila kupwa kwa huku kunashangaza. Kwenye mlango wa mto Avon, jirani na Bristol, tofauti kati ya maji makavu na maji makuu siku za bamvua hufika kama mita kumi na nne. Instow si kiasi hicho, lakini maji yakitoka yanaacha uwanja mpana wa mchanga mgumu, madimbwi yenye kaa wadogo, na mwani uliolala. Pilipili hukimbia katika uwanja huo kwa duara kubwa, bila sababu nyingine ila kwamba uwanja upo. Hawakimbilii shakwe kuwashika. Anahakikisha tu hakuna anayetua. Akirudi kwangu ana mchanga hadi kwenye kope.

Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Hawakumlenga terrier mwenye mpira. Huyu akiuona mpira haoni ufuko. Mpira ukichukuliwa na maji yanayotoka, atauogelea mpaka nguvu zimwishie, na hatageuka. Hapo ndipo unapoonekana ule upande wa pili wa hoja yangu, na ndipo ninapoomba usikivu wenu wote. Ninarusha mpira sambamba na ufuo, ndani ya maji yanayofika magotini mwangu, basi. Na ninachukua chupa ya maji baridi ya kunywa, kwa sababu mbwa mwenye kiu hunywa maji ya chumvi, na jioni ni kutapika na kuhara.

Joto nalo ni jambo zito. Watu hudhani Uingereza haina joto. Tarehe 19 Julai 2022, kituo cha Coningsby, Lincolnshire, kilipima nyuzi 40.3, rekodi ya nchi nzima. Mtu joto likimzidi hutoa jasho mwili mzima. Mbwa hana jasho la kumsaidia, labda kidogo kwenye nyayo. Anajipoza kwa kuhema. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 38.3 hadi 39.2, na likivuka 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Kila mtu amesikia habari ya mbwa waliofia ndani ya magari. Wachache wamesikia kwamba watafiti waliochunguza rekodi za madaktari wa mifugo wa Uingereza, wakachapisha matokeo yao mwaka 2020, walikuta kwamba karibu robo tatu ya mbwa waliougua kwa joto waliugua baada ya mazoezi: kutembezwa, kukimbizwa, kurushiwa mpira. Magari yalikuwa sehemu ndogo tu. Mbwa hawa waliumia wakiwa na watu wao, wakifurahi.

Soma hilo pamoja na tabia ya terrier. Mbwa mzito mvivu akichoka hulala kivulini na huwezi kumwinua. Terrier akichoka anauleta mpira tena. Alifugwa kwa karne mbili asikate tamaa shimoni, na hatakata tamaa uwanjani. Anayetakiwa kusema basi ni wewe.

Kwa hiyo siku za joto tunatoka kabla ya saa mbili asubuhi, na tena baada ya saa mbili usiku, kwani mwanga bado upo. Kabla ya kukanyaga lami ninaweka mgongo wa kiganja changu juu yake na kuuacha kwa sekunde saba. Nikishindwa kuvumilia, na nyayo zake hazitavumilia. Mchana ni usingizi juu ya vigae vya jikoni. Mpira wenyewe ninaufungia kabatini, si kuuweka juu ya rafu, maana anaweza kuukodolea macho na kulia mchana kutwa.

Zijue dalili. Kuhema kunakozidi na kusikopungua hata akipumzika, ute mzito mdomoni, ufizi mwekundu kupita kawaida, kuyumba, kutapika. Ukiziona, usianze kwa kutafuta ufunguo wa gari. Mpoze kwanza, ndipo umpeleke kwa daktari. Mmwagie maji ya bomba mwili mzima, endelea kumwaga, mpepee, ukiwa na feni iwashe. Usimfunike taulo lililolowa, kwa sababu linazuia joto lisitoke. Akiweza kunywa, mpe maji kidogo kidogo. Simu kwa daktari ipigwe na mtu mwingine wakati wewe unamwaga maji.

Mengine nitayapitia haraka. Mwisho wa Juni nyasi hukauka, na mbegu zake zenye ncha huingia kati ya vidole na masikioni, hupenya ngozi, zikaleta usaha. Kagua miguu kila mkirudi. Kupe wapo, watoe. Kwenye nyika za pwani kuna nyoka mmoja mwenye sumu, na ndiye pekee nchini. Terrier atataka kumsalimia, kwa hiyo kaa njiani. Pua na ncha za masikio ya mbwa mweupe huungua na jua. Na palipo na kondoo, kamba isitoke mkononi: mkulima ana haki ya kulinda mifugo yake, hata kwa bunduki.

Imamu Bukhari na Imamu Muslim wamepokea hadithi ya mtu aliyekuwa safarini, akashikwa na kiu, akashuka kisimani akanywa. Alipotoka akamkuta mbwa anahema, analamba udongo kwa kiu. Akashuka tena, akajaza kiatu chake maji, akakiuma kwa meno apate kupanda, akamnywesha. Mungu akamsamehe dhambi zake. Shangazi yangu ndiye aliyenikumbusha hadithi hii, katika simu iliyofuata, alipouliza hali ya joto huku na hali ya mbwa.

Basi, msikilizaji, kiangazi hiki toka na mbwa wako, mchoshe kwa kazi nzuri, na umwachishe wakati bado anataka. Usimwache garini hata kwa kununua mkate. Nje kukiwa na nyuzi 22 tu, ndani ya gari joto linaweza kufika 47 kwa muda wa saa moja, na kufungua kioo kidogo hakusaidii. Na ukipita maegeshoni ukamwona mbwa wa mtu mwingine amefungiwa, anahema na macho yamelegea, usisimame kumsubiri mwenye gari. Hapa Uingereza namba ni 999. Piga.